Lala Kwanza, Nduthi Baadaye

Mambo ya kufanya na kutofanya kwa wauguzi wa Eastlands wanaoendesha pikipiki kupumzisha akili

Jumamosi alasiri, simama Ruai kando ya Kangundo Road, utawaona wakipita. Wanatoka Komarock, Umoja, Buruburu, Donholm na Kayole, wawili wawili au mmoja mmoja, wakielekea Kamulu na Joska. Wakivua helmeti kununua maji, muuguzi utamjua kwa kucha zilizokatwa hadi kwenye nyama na vidole vilivyokaushwa na sabuni ya wadi. Siwalaumu. Nimekuwa mkunga kwa miaka kumi na tisa, na pikipiki nimeiendesha minane. Najua kinachowapeleka huko. Ukishavuka Njiru, nyumba zikianza kuachana, upepo unaingia kifuani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu hakuna anayekuita "sista".

Lakini nimewapokea pia wenzangu wakiletwa kwa machela, na mmoja wao nilimfumba macho kwa mkono huu. Ndiyo maana haya nayasema bila kubembeleza. Asiyeweza kuyashika, auze pikipiki.

Usitoke wadini ukapanda nduthi. Hili ndilo sharti kubwa, na mengine yote yamelala juu yake. Mwaka 1997 watafiti wawili wa Australia, Drew Dawson na Kathryn Reid, walichapisha katika jarida la Nature jambo ambalo lingefaa kubandikwa kwenye kila kabati la kubadilishia nguo: mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hufanya mambo kama mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu, na akifikisha saa 24 ni kama mwenye asilimia 0.10. Sasa ihesabu siku yako. Umeamka saa kumi na mbili asubuhi kuwaandaa watoto. Mchana umefua, umeenda chama, umejinyoosha nusu saa, mlango ukagongwa kabla usingizi haujakushika. Saa kumi na mbili na nusu jioni umeingia zamu. Saa moja na nusu asubuhi unatoa ripoti kwa wanaokupokea. Hizo ni saa 25 na dakika 30. Polisi wa Kenya akikupulizisha kifaa, mpaka wa sheria ni mikrogramu 35 za kileo katika mililita 100 za pumzi, ambazo ni kama asilimia 0.08 katika damu. Wewe hujaonja tone, na bado umemzidi mlevi anayekamatwa Jogoo Road usiku wa Ijumaa.

Nayasema nikiwa na kovu kwenye goti la kushoto. Ilikuwa asubuhi ya Agosti, ile mvua nyembamba ya Nairobi isiyosikika kwenye paa. Usiku mama mmoja alikuwa amevuja damu baada ya kujifungua, na nilikaa na tumbo lake la uzazi kati ya mikono yangu, mmoja ndani na mmoja juu ya tumbo, nikilibana mpaka chumba cha upasuaji kikawa tayari. Alipona. Nilitoka nikiwa na furaha, na furaha ndiyo iliyonidanganya. Asubuhi kila mtu anaingia mjini na wewe unatoka, upande wako wa barabara ni mweupe, mkono unafungua mafuta wenyewe. Nilipokaribia reli pale Mutindwa nilitaka kushusha gia. Vidole vya mkono wa kushoto, vile vilivyobana usiku kucha, vilikataa kufunga klachi. Sikupata maumivu wala onyo, havikuwa na nguvu tu. Nikaingia kwenye reli kwa mshazari, chuma kikiwa kimelowa, na tairi la mbele likaondoka. Mama muuza nyanya alinifikia kwanza. Aliniinamia akaninusa mdomo. "Umelewa, mama?" Nikamwambia nimetoka kazini. Akatikisa kichwa kama aliyesikia jambo baya zaidi.

Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa, ambao ndio mwisho wa sheria mjini, sekunde nne za kusinzia ni zaidi ya mita 55 bila dereva. Pima mita 55 kutoka langoni kwako uone ni watoto wangapi wanacheza hapo kati.

Kwa hiyo fanya hivi. Siku ya zamu ya usiku, nenda kazini kwa matatu, urudi kwa matatu. Ikiwa pikipiki tayari iko hospitalini, mwachie soja wa geti na umweleze utaijia. Fika nyumbani, oga, kula kitu chenye chumvi, funga pazia, lala. Angalau saa tano zisizokatika. Ukiamka saa tisa alasiri na bado kichwa ni kizito kama gunia, basi leo hakuna safari, na barabara ya Tala itakuwepo kesho.

Usijiamshe kwa dawa. Naomba hapa nisikilizwe vizuri, maana ndipo wengi wetu tunapotelea. Kuna anayetafuna muguka ili afike Machakos na kurudi. Kuna anayekunywa mikebe mitatu ya vinywaji vya kuongeza nguvu. Kuna aliyemeza piritoni ya mafua asubuhi akasahau kwamba yeye mwenyewe huwaambia wagonjwa wasiendeshe gari baada ya kuimeza. Na kuna mwenye kufungua kabati ambalo ufunguo wake amepewa kwa uaminifu, akachukua kidonge cha kulala, na baadaye kingine cha kumwondolea uchovu wa kile cha kwanza. Huyo hafai kuwa juu ya pikipiki wala ndani ya wadi. Lakini simwambii ajifiche. Namwambia aseme leo, kwa mtu mmoja anayemwamini, kabla rejista ya dawa haijasema kwa niaba yake.

Pombe sitaijadili. Nyama choma ya Kamulu inashuka vizuri kwa maji.

Vua hospitali kabla ya kuvaa helmeti. Sare ibaki kwenye mfuko uliofungwa, si mwilini. Kwanza kwa sababu ya kile inachobeba kutoka wadini kwenda kwa wanao. Pili, gauni na leso vimewaangusha wanawake wengi mjini hapa: kitambaa kikiingia kwenye cheni, gurudumu halingoji. Ile kamba ya kitambulisho shingoni iondoe hata kama unaenda dukani tu. Viatu vya raba vya wadini, vile vyenye matundu, ni vya sakafu ya wadi. Vaa kiatu kinachofunika kifundo cha mguu. Vidonda vya ekzosi kwenye muundi umevifunga vingi vya watu, huna sababu ya kuwa na chako.

Helmeti. Nunua yako, mpya, iliyo na alama ya ubora ya shirika la viwango, KEBS, na ukubwa wa kichwa chako. Shirika la Afya Duniani limeeleza kwa miaka mingi kwamba helmeti nzuri hupunguza hatari ya kufa kwa karibu asilimia 40, na ya majeraha ya kichwa kwa karibu asilimia 70. Muuguzi aliyewahi kukaa na mgonjwa wa kichwa, akimgeuza kila baada ya saa mbili, akimlisha kwa mrija, akimweleza mama yake kwa mara ya ishirini kwamba tungoje, huyo hahitaji takwimu. Na bado namwona akipita Rabai Road mkanda wa kidevu ukipepea. Funga mkanda. Helmeti isiyofungwa huruka kabla ya kichwa kufika chini. Ikishaanguka nawe mara moja kwa nguvu, itupe, hata ikionekana nzima.

Usipande ukiwa bado umeshika mkono wa aliyekufa. Naandika hili polepole. Kuna siku wadi inakufuata hadi nje ya geti. Mtoto aliyezaliwa kimya. Mama aliyekuuliza saa ngapi, ukamjibu, na hakuuliza tena. Siku hiyo nduthi inaita kuliko siku nyingine zote, na ndiyo siku usiyopaswa kuigusa. Mikono yako itakuwa kwenye usukani lakini kichwani bado unahesabu, moja, mbili, tatu, hadi thelathini, pumzi mbili, tena. Lori linalotoka kulia kwenye makutano ya Outer Ring hutaliona, kwa sababu macho yanaangalia dari la wadi.

Kabla ya kuondoka, keti dakika kumi na mwenzako mliyekuwa naye. Pale pale kwenye chumba cha chai, kikombe mkononi. Semeni jina la marehemu. Semeni mlichofanya, kwa mpangilio, na kile ambacho hamkuweza. Wakubwa wa zamu, hili ni jukumu lenu, lipangeni kama mnavyopanga rota. Tumefundishwa kumwosha maiti na kumfunga taya kwa heshima, na hakuna aliyetufundisha kujifunga wenyewe. Pikipiki haitafanya kazi hiyo. Itakupunguzia mzigo uliokwisha kuutaja kwa mdomo. Ule uliouficha utasafiri nao hadi Tala na utarudi nao.

Na kama umewahi, hata mara moja, kuendesha ukitamani lori likukute, mpe mtu funguo leo hii. Mume, dada, jirani, yeyote. Kisha piga 1199, nambari ya Msalaba Mwekundu wa Kenya, uzungumze. Ungemwambia mgonjwa wako neno hilo hilo, bila kumwonea haya.

Zima simu. Kundi la wadi kwenye simu halina siku ya mapumziko, na daima kuna mtu hajafika zamu. Ukisikia mtetemo mfukoni ukiwa karibu na Mihang'o, mwili unakwenda mbele na akili inarudi nyuma. Anayekutafuta ana rota ukutani na majina mengine.

Chagua njia kwa akili. Outer Ring Road haipumzishi mtu, wala Jogoo Road saa kumi na moja jioni. Nairobi Expressway, ile ya juu iliyofunguliwa mwaka 2022, pikipiki hairuhusiwi, kwa hiyo usijaribu. Njia yetu sisi wa Eastlands ni Kangundo Road: Ruai, Kamulu, Joska, Kantafu, hadi Tala. Mwenye nafasi zaidi aendelee hadi Ol Donyo Sabuk, mlima wa mita 2,145, akae chini ya miti akila ndizi. Lakini jihadhari na malori ya mawe na kokoto upande wa Njiru. Kokoto humwagika kwenye mizunguko, na kwa magurudumu mawili zinateleza kama maharagwe makavu juu ya saruji. Punguza mwendo kabla ya kona, usifunge breki ukiwa ndani yake. Kwenye reli, ivuke kwa kuikata wima, usiipite kwa mshazari, nilishawaambia goti langu linavyojua. Mvua za Aprili, ule udongo mweusi wa Utawala na Ruai hushika tairi kama unga uliokandwa. Siku hizo baki kwenye lami au baki nyumbani.

Rudi mapema. Alasiri unaporejea mjini unaelekea magharibi, jua liko machoni na vumbi limeshika kioo cha helmeti. Kufikia saa moja usiku giza limeingia, matuta hayaonekani, na wenye nia mbaya wanajua barabara zenye vichaka kuliko wewe. Safari ya starehe haifanywi usiku. Wala usifanye mazoea ya kupita mahali pamoja saa ile ile kila wiki.

Usipande bila leseni ya pikipiki. Ile ya gari haitoshi, na kujifunza kwa binamu uwanjani wiki mbili si kujifunza. Sheria ya Trafiki inataka helmeti na koti la kung'aa kwa anayeendesha na anayebebwa, na abiria ni mmoja tu. Kubeba mshikaki wa wanafunzi wa uuguzi hadi steji, eti ni karibu, ni kosa, tena ni mfano mbaya kwa watu watakaokaa miaka thelathini wakifunga majeraha ya wengine.

Hudumia pikipiki kama unavyokagua kasha la dharura, kabla ya kuihitaji. Fundi wangu yuko Kariobangi Light Industries, kijana asiye na maneno mengi. Siku moja alishika cheni yangu kwa vidole viwili, akaipandisha na kuishusha, ikacheza karibu upana wa kiganja. "Sista," akasema, "mgonjwa wako ungemwacha akauke hivi?" Sikuwa na jibu. Alinionyesha kwamba inapaswa kucheza sentimita mbili hadi tatu tu, akaipaka mafuta kwa brashi ya meno ya zamani, kiungo kimoja kimoja. Tangu siku hiyo kila Ijumaa jioni naangalia cheni, upepo wa matairi, breki zote mbili, taa ya nyuma na vioo. Vioo visikunjwe ndani ili upenye kwenye msongamano. Anayehitaji kukunja vioo apite, pengo hilo si lake.

Ukiwa wa kwanza kufika kwenye ajali, kumbuka wewe ni nani. Mitaani kwetu huruma ni nyingi na haina subira. Dakika mbili hazijaisha, majeruhi amebebwa mikono na miguu, shingo inaning'inia, amebanwa katikati ya watu wawili juu ya boda kuelekea hospitali ya Mama Lucy. Wanataka kumwokoa, na uti wa mgongo unakatikia hapo. Egesha mbali kidogo, taa zikiwaka. Tuma mtu mmoja mwenye koti la kung'aa nyuma azuie magari. Vaa glavu, ambazo lazima ziwe chini ya kiti pamoja na bendeji pana na mkasi. Kisha paza sauti ya wadini, ile inayowanyamazisha jamaa ishirini saa ya kutembelea wagonjwa. Vijana wa steji watakutii, nimeona mara nyingi. Asiinuliwe. Helmeti isivuliwe ila pumzi ikiziba, na ikibidi, mmoja ashike shingo na mwingine avute. Bana panapovuja damu, usilegeze kuchungulia. Mpe mtu mmoja, kwa kumwonyesha kidole, kazi ya kupiga 999 au 112. Tazama saa. Dakika ya kwanza utakayoiandika itamsaidia anayempokea.

Vijana hao wa boda wa steji usiwadharau. Wengine wetu tukivaa koti la ngozi tunajiona si watu wa boda tena. Ukianguka Spine Road saa mbili asubuhi, wao ndio watakaokuokota. Salimia steji, jua majina yao. Ukigusana na mmoja wao barabarani, usishuke ukabishana peke yako katikati ya umati. Sogea hadi penye kituo cha polisi au duka lenye watu unaowajua.

Usishindane. Mkiwa kundi, mwenye uzoefu mdogo akae nafasi ya pili, mwenye uzoefu mkubwa awe wa mwisho, na mwendo uwe wa yule wa pili. Atakayeachwa nyuma asikimbizwe, kundi limngoje kituo kinachofuata. Nairobi ina vikundi vya wanawake waendesha pikipiki vinavyofundisha haya kwa nidhamu. Inked Sisterhood ni kimojawapo. Jifunze kwa watu kabla ya kujifunza kwa lami.

Na usione haya. Utaambiwa na mama mkwe, na mchungaji, na pengine na matroni, kwamba muuguzi mwanamke juu ya nduthi ni kukosa adabu. Mwaka 1914 Elsie Knocker, muuguzi na mkunga Mwingereza, alikwenda vitani Ubelgiji pamoja na Mairi Chisholm, msichana wa miaka kumi na minane. Walikuwa wamejuana kwa sababu ya pikipiki. Walifungua chumba cha huduma ya kwanza katika kijiji cha Pervyse, karibu kabisa na mahandaki, wakawahudumia askari pale hadi mwaka 1918. Pumwani, hospitali ya uzazi ambayo nusu ya Eastlands imezaliwa humo, ilikuwa haijajengwa bado. Ilifunguliwa mwaka 1926. Basi atakayekuambia jambo hili ni la kizazi kilichoharibika, mjibu kwa heshima, ufunge mkanda wa helmeti, uende.

Ila uwe umelala. Wewe uliyetoka zamu asubuhi ya leo, unayesoma haya ukiwa umesimama karibu na geti na funguo ziko mkononi: zirudishe mfukoni. Panda matatu. Mwambie utingo akuamshe ukifika steji yako.